Mpe mgeni jembe, acha kumlisha kwa kijiko

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana kweli kweli. Leo nimerudi nikiwa na hasira, basi mnivumilie.

Juzi niliitwa na kampuni moja hapa Nairobi, jina nitawahifadhia. Seva yao ya hesabu ni mashine pepe ya Windows inayoendeshwa na QEMU na KVM juu ya Linux. Nakala ya akiba ya usiku huanza saa mbili usiku, na wafanyakazi wakifika saa mbili asubuhi bado inaendelea, mfumo mzima unakokota miguu. Fundi wao alishaandika barua ya kuomba seva mpya. Bosi alikuwa na kalamu mkononi! Nikaomba dakika tano nitazame mipangilio. Diski: IDE. Kadi ya mtandao: RTL8139. Nilicheka, halafu nikakasirika.

Kwa ambaye mambo haya ni mapya: mashine pepe ni kompyuta iliyo ndani ya kompyuta nyingine. Ya ndani tunaiita mgeni, ya nje mwenyeji. Mgeni akitaka kadi ya mtandao, QEMU humuigizia moja. RTL8139 ni kadi ya bei rahisi ya miaka ya tisini, na QEMU inaiigiza hadi rejista zake. Mgeni anaamini kweli ana kipande kile cha chuma mbele yake.

Uongo huu una gharama. Mara nyingi mgeni anapogusa rejista ya kifaa cha kuigizwa, prosesa inamsimamisha, KVM inatazama anataka nini, inamwita QEMU, QEMU inajifanya kadi, inajibu, kisha njia ileile kurudi. Safari moja ya namna hiyo inakula maelfu ya mizunguko ya prosesa. Sekta moja ya diski ni baiti 512. Mgeni akiisoma kwa njia ya kale, baiti mbili mbili kupitia mlango wa IDE, anagonga mlango mara 256. Kwa sekta moja tu, jamani.

Na upuuzi wenyewe ni huu: kumbukumbu ya mgeni ni sehemu ya kumbukumbu ya programu ya QEMU. Zote ziko kwenye RAM ileile! Ni sufuria mbili juu ya meko moja, na mtu anahamisha mchuzi kwa kijiko cha chai, akitoka nje na kurudi ndani kila kijiko. Si amimine tu?

Msidhani ni mafundi wa mitaani peke yao wanaofanya hivi. QEMU wenyewe walikuwa na kifaa kiitwacho fw_cfg, ambacho hakiigizi chuma chochote kilichowahi kuuzwa dukani. Walikibuni wao ili kumpa mgeni mipangilio, na pia kerneli na initrd ukiwasha mashine kwa kuzitaja moja kwa moja. Walikuwa huru kukiunda watakavyo. Wakakiunda hivi: unaandika namba ya kitu unachotaka kwenye mlango 0x510, kisha unasoma mlango 0x511, baiti moja, baiti moja, baiti moja... Initrd ya megabaiti 20 ni baiti 20,971,520. KVM inaweza kuzikusanya amri za mfululizo ili safari zipungue, lakini bado kila baiti inachotwa peke yake.

Ilibidi kungoja QEMU 2.5, Desemba 2015, ndipo fw_cfg ikapata DMA. Sasa mgeni anaandaa karatasi ndogo ya baiti 16: nataka nini, kiasi gani, kiwekwe wapi kwenye kumbukumbu yangu. Anaandika anwani ya karatasi hiyo kwenye mlango 0x514, na QEMU inamimina mzigo wote kwa mkupuo. Basi! Hakuna uchawi wowote hapo.

Nawajua watakaonijibu. Wa kwanza watasema kifaa kiigizwe kama kilivyo, mgeni asijue kuwa yeye ni mgeni. Kwa nini asijue? Ukitaka kuendesha mfumo wa mwaka 1998 kwa ajili ya kumbukumbu za zamani, sawa, igiza, nami nitakupigia makofi. Lakini Linux ina draiva za virtio tangu toleo 2.6.24 la Januari 2008. Rusty Russell alizileta kwa wazo jepesi: mgeni na mwenyeji wakubaliane foleni moja ndani ya kumbukumbu, mgeni apange maombi mengi, kisha agonge mlango mara moja. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Virtio ndiyo hilo jembe. Na tangu Linux 2.6.34 ya mwaka 2010, kwa vhost-net, paketi za mtandao hazilazimiki hata kupitia QEMU, kerneli ya mwenyeji inazishughulikia yenyewe.

Wa pili watasema njia mpya ni mlango mpya kwa wadukuzi. Hoja hii naiheshimu zaidi, maana kila msimbo una mende. Lakini tazameni mende wa VENOM aliyetangazwa Mei 2015. Alikuwa wapi? Kwenye uigizaji wa kidhibiti cha diski laini, floppy! Alikaa humo tangu 2004, na hata usipompa mgeni floppy yoyote, msimbo ule ulikuwa bado unafikika. Makumbusho yana nyoka pia. Firecracker, ambayo Amazon waliitoa 2018, ilianza na vifaa vichache mno: virtio vya mtandao na diski, koni, na kibodi ya kuzimia tu. Sidhani walisahau floppy.

Wa tatu, na hawa ndio wengi, hawana hoja. Wanabonyeza "endelea" mpaka mwisho. Diski ya kusakinisha Windows haina draiva za virtio, kwa hiyo ukichagua virtio haioni diski yoyote. Fundi anaogopa, anarudi IDE, mashine inawaka, anaandika ankara. Kumbe angeambatisha ISO ya virtio-win tu!

Mashine ikiwa tayari inafanya kazi, usiibadilishe diski kuu ghafla, utapata skrini ya bluu. Piga nakala kwanza. Kisha ongeza diski ndogo ya pili ya virtio, Windows iwake, uipe draiva, izime, ndipo ubadilishe ile kuu na uitoe ndogo. Kadi ya mtandao ni rahisi zaidi, ila andika anwani ya IP pembeni maana Windows itaiona kama kadi mpya kabisa.

Nilifanya hivyo Jumamosi. Usiku ule nakala ya akiba iliisha kabla ya saa sita, kwa seva ileile, diski zilezile. Jumatatu bosi akaniuliza: "Sasa ile barua ya seva mpya niipeleke wapi?" Fundi alikuwa amesimama pale pale, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu.