Rozari si kiboko

Mimi ni katekista hapa Kabuku, na kuna jambo linanikera kiasi kwamba nimeshindwa kulinyamazia. Baadhi ya walimu wa shule zetu za msingi za Kikatoliki wanatumia sala kama adhabu. Mtoto kachelewa mstarini? Apige magoti mbele ya groto la Bikira Maria, amalize makumi matano. Kaongea Kiswahili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza? Abaki kanisani wenzake wakiwa mapumziko.

Hili la pili nimelishuhudia, katika shule ambayo sitaitaja. Binti wa darasa la tatu, soksi zimeiva vumbi jekundu, rozari ya plastiki mkononi. Vidole vinakimbiza punje, macho yako dirishani ambako wenzake wanacheza rede. Midomo inachezacheza tu, Salamu Maria haifiki hata katikati.

Wanaotetea husema afadhali sala kuliko fimbo. Sikubali. Maumivu ya fimbo hupoa. Binti huyu atakapokuwa mtu mzima, siku amekaa kwenye benchi la hospitali ya Magunga akimsubiri mama yake atoke chumba cha upasuaji, nataka mkono wake uitafute rozari wenyewe. Atakumbuka nini akiishika? Magoti kwenye sakafu, na rede aliyoikosa.

Sisi tulioanza darasa la kwanza miaka ya sabini tulikuta shule za misheni zimeshatwaliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Dini ilibaki kipindi tu kwenye ratiba, katekista akija kwa baiskeli akikatiza mashamba ya mkonge. Sera ya elimu ya 1995 ikafungua mlango zaidi kwa shule binafsi, na leo Kanisa linakaa na mtoto kutwa nzima: Malaika wa Bwana saa sita mchana, Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima, Rozari mwezi Mei na Oktoba. Wazee wetu waliililia nafasi hii. Halafu sisi tunaitumia kumkomoa mtoto wa miaka tisa!

Tena huku ni Uziguani, Uislamu una mizizi mirefu. Kina Mwanaidi na Ramadhani wamo madarasani mwetu kwa sababu wazazi wao wametuamini. Mmoja wao akiadhibiwa kwa rozari, baba yake tutamwambia nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Desemba 7, 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulikataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Ibara ya 19 ya Katiba yetu nayo inalinda uhuru huo.

Watoto wakipewa nafasi, husali vizuri bila kuswagwa. Nimewaona watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu wakimchotea maji bibi mmoja aliyestaafu kukata mkonge, kisha wakamwombea wamesimama uani, kila mmoja kwa maneno yake. Mdogo kuliko wote alimwombea kuku wake asiibiwe.

Mchelewaji afagie uwanja au amwagilie miti. Nanyi wazazi, kikao cha shule kikiitishwa, ulizeni watoto wenu wanaadhibiwaje, kabla hamjauliza wastani wa mitihani.