Ameimba Tu?

Wapo wenzangu, waandishi chipukizi kama mie, ambao wakisikia jina la Sandra wanacheka. "Huyo si msanii bwana, ni mwanasesere wa Michael Cretu." Leo nawajibu, na sitawabembeleza.

Sandra alizaliwa Saarbrücken, Ujerumani, mwaka 1962. Mwaka 1979, akiwa bado binti mdogo, aliingia Arabesque, kundi la wasichana watatu lililopendwa mno Japani. Mwaka 1984 alitoa sahani ya peke yake, ikaanguka. Mwaka uliofuata, "Maria Magdalena" ikashika namba moja Ujerumani Magharibi.

Haya, wimbo hakuutunga yeye wala vinanda vya umeme hakuvipanga yeye. Ni kazi ya Cretu na wenzake, na huyo Cretu ndiye aliyekuja kumwoa mwaka 1988. Nakubali. Lakini vinanda vile vilijaa studio za Ulaya wakati ule. Mbona nyimbo chungu nzima zilizopigwa navyo zimesahaulika?

Tena chukueni "Sadeness" ya mwaka 1990. Jalada linasema Enigma. Cretu kajificha nyuma ya jina la Curly M.C. Sasa anayenong'ona Kifaransa mle ndani ni nani? Si Sandra huyohuyo! Januari 1991 wimbo ukawa namba moja Uingereza, nchi ambako sahani zenye jina lake hazikupata kuvuma. Watu waliipenda pumzi yake bila kumjua mwenyewe.

Jambo hili linaniuma kwa kuwa yamenikuta. Nilipomaliza kidato cha nne, bwana mmoja alinisimulia kisa chake, nikakeshea hadithi wiki tatu. Ikachapwa kwa jina lake. Nilipouliza nikajibiwa, "Wazo langu, wewe umeandika tu."

Umeandika tu. Ameimba tu. Neno ni lilelile.

Sandra na Cretu waliachana. Mwaka 2007 alitoa *The Art of Love*, albamu yake ya kwanza bila Cretu, akishirikiana na Jens Gad. Haikuvuma kama zile za zamani, sikatai. Lakini jamani, mwanasesere akiachwa na mwenyewe hubaki sakafuni. Huyu aliinuka akarudi kwenye maikrofoni.

Basi ndugu zangu, kabla hamjamcheka, jiulizeni: siku hadithi yenu itakapotoka na jina la mwingine, mtacheka pia?