Zana za Nyaya Zisidharauliwe

Vikundi vya wanafunzi wanaounda roboti vimeanza kuonekana katika shule na vyuo vyetu, nalo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, matumizi ya fedha katika vikundi hivyo yana kasoro. Fedha humalizikia kwenye mota, magurudumu na kompyuta, ilhali zana za kuungia nyaya huokotwa popote. Ndipo tunapomwona mwanafunzi akimenya waya kwa meno, akiusokota kwa vidole na kuuzungushia utepe.

Hasara yake ni hesabu ya kidato cha tatu. Roboti nyingi za mashindano hutumia betri ya volti 12. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitiwa na mkondo wa ampea 20, hupoteza volti 2 na kutoa joto la wati 40, kiasi cha chuma cha kulehemu cha kawaida. Mota hudhoofika, plastiki huyeyuka, na lawama hutupiwa programu!

Kwa maoni yangu, kifaa cha kwanza kununuliwa kiwe koleo la kubania vichwa vya waya, lile lisiloachia mpaka mbano ukamilike. Koleo la kawaida hukifanya kichwa kuwa bapa tu, nyuzi zikabaki zikicheza ndani. Wapo wanaoshikilia kwamba lehemu yatosha. Yatosha katika redio iliyotulia mezani. Katika roboti inayotikisika, waya hukakamaa penye lehemu na kukatika pale lehemu inapoishia.

Cha pili ni koleo la kumenyea lenye matundu ya vipimo mbalimbali. Hapa kuna utata wa lugha ambao siwezi kuupita kimya. Nyaya katika maduka yetu huuzwa kwa milimita mraba: 1.5, 2.5 na kuendelea. Makoleo mengi ya kigeni yana namba za Kimarekani, ambazo zikipanda, waya huwa mwembamba zaidi: namba 12 ni kama milimita mraba 3.3, namba 18 ni kama 0.8. Asiyelijua hilo hutumia tundu dogo kupita kiasi, akakata nyuzi kadhaa pamoja na ganda. Mwalimu na aandike vipimo vyetu kwa rangi kando ya kila tundu.

Muuzaji atawasifia makoleo ya fundi wa nyumba, yenye vipini vya kuhimili volti 1,000. Hayo yanafaa penye umeme wa volti 240. Hatari ya betri ya volti 12 si kupigwa na umeme, bali ni moto pindi ncha mbili zinapogusana. Fedha hizo zinunue fyuzi na mita ya kupimia umeme.

Tena zana hizi zisifungiwe kabatini hadi juma la mashindano. Wanafunzi wazizoee tangu mwanzo wa muhula, na kila kiungo kivutwe kwa mkono siku ile ile kinapobanwa, mbele ya mwenzake aliyekibana.