Kibua wa Bahari na Wajibu Wetu Simiyu

Huenda msomaji wa Bariadi, ambaye mkoa wake wa Simiyu haugusi maji makubwa ila kwa ufuko wa Busega katika Ziwa Viktoria, akadhani kwamba habari za kibua wa Bahari ya Hindi hazimhusu. Walakini dhana hiyo si sahihi. Kibua, samaki mwenye mgongo wa samawati uliotiwa mistari myeusi, huogelea kwa makundi akiwa ameachama kinywa, akichuja vijidudu vya majini kwa vichujio vya matamvua yake, virefu na laini mfano wa unyoya. Na kwa kuwa haachani na wenziwe, wavu mmoja wa macho madogo waweza kuzoa kundi zima kabla halijataga. Hatari ni ile ile ziwani, ambako sharia yakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, ili apate wasaa wa kukua. Basi sisi wanunuzi na tuwe walinzi wa kwanza wa sharia hiyo: tumkatae sokoni samaki mchanga, ijapokuwa bei yake ni rahisi, maana pasipo mnunuzi wa haramu hapana mvuvi wa haramu.