Kupandikiza Injini: Shina Kwanza, Kikonyo Baadaye

Wapenzi wa magari wanapokutana katika gereji za Kitui, Mwingi au Wote, aghalabu huzuka swali hili: je, ni injini ipi itiwe katika gari la spoti kuukuu ili lipate uhai mpya? Wengi hulijibu kwa kutaja injini yenye nguvu kuliko zote wanazozijua. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Yanashikilia kwamba injini huchaguliwa kwa kuangalia kile kitakachoibeba, na kwamba lugha tunayoitumia tunapolizungumzia suala hili imechangia kuwapotosha wengi. Hii ndiyo sababu swali la gereji linastahili nafasi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili.

Ili mjadala usielee hewani, tuchukue mfano wa Toyota Corolla Levin, gari la milango miwili linalosukumwa na magurudumu ya mbele. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2000. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane, Levin iliyopo barabarani leo ni mkongwe wa zaidi ya miaka ishirini. Bei yake ndiyo inayomvutia kijana asiyeweza kununua gari jipya la aina hiyo. Bodi yaweza kuwa bado imara, lakini injini imechoka: inakula oili, inatoa moshi na haina tena nguvu ya kupanda mlima. Hapo ndipo mwenye gari humwambia fundi, "Nataka kubadilisha injini."

Naam, tatizo la kwanza limo katika kauli hiyo. Kitenzi "kubadilisha" kinafunika kazi tatu zisizolingana hata kidogo. Kazi ya kwanza ni kutoa injini iliyochakaa na kuirudishia nyingine ya aina ile ile. Ya pili ni kutia injini tofauti lakini ya ukoo mmoja na ile ya awali. Ya tatu ni kuleta injini ya ukoo mwingine kabisa, ambayo gari hilo halikuwahi kuundwa kwa ajili yake. Fundi na mteja wanaweza kukubaliana juu ya neno moja huku mmoja akifikiria kazi ya siku mbili na mwingine akifikiria kazi ya miezi miwili. Ugomvi mwingi wa malipo huanzia hapa. Ninapendekeza kazi ya kwanza iitwe kurudishia, ya pili kubadilisha ndani ya ukoo, na ya tatu kupandikiza.

Tuzipime kazi hizo kwa mfano wetu. Levin ya miaka ya 1991 hadi 1995 ilitoka kiwandani ikiwa na injini za ukoo wa A: 5A-FE ya lita 1.5, 4A-FE ya lita 1.6, na 4A-GE ya lita 1.6 yenye vali tano katika kila silinda. Kurudishia 5A-FE ni kazi nyepesi. Injini hii ilitumika katika Corolla nyingi za kawaida zilizojaa nchini, hivyo spea zake si za kutafutwa kwa tochi. Anayetaka nguvu zaidi anaweza kupanda hadi 4A-FE, au 7A-FE ya lita 1.8 iliyokuwamo katika baadhi ya magari ya Corona Premio. 7A-FE ina kimo kirefu kidogo, lakini ni ndugu wa damu. Nguvu yake huanza mapema kabla injini haijapiga kelele, jambo linalomfaa anayepanda milima ya Mbooni na abiria watatu.

Ama 4A-GE yenye vali ishirini, hii ndiyo injini ya spoti halisi ya gari hili. Ilitoa nguvu za farasi 160, na baada ya mwaka 1995 zikafikia 165. Hata hivyo, nguvu hizo hupatikana injini inapozunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, na injini yenyewe hudai petroli safi, oili nzuri na fundi mwenye subira ya kulinganisha milango yake minne ya hewa. Anayeichagua hajakosea, mradi aelewe kwamba amechagua pia matunzo yake. Mtengenezaji mwenyewe aliitia katika bodi hii, kwa hiyo shina linamjua mgeni.

Kazi ya tatu ndiyo inayowatia vijana wazimu. Ndoto yao ni 3S-GTE, injini ya tabo ya lita 2.0 iliyokuwa katika Toyota Celica GT-Four. Si ajabu. Celica hiyo ilishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 aliyekuwa usukani alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Lakini tusisahau kwamba Duncan hakushinda kwa injini pekee. Gari lile liliundwa zima kwa ajili ya injini ile: magurudumu yote manne yalisukuma, na giaboksi, breki, springi na radieta vyote vilichaguliwa kwa kipimo kimoja. Vyaelea vimeundwa. Katika hadithi ya vijana injini ndiyo iliyobaki, na gari lililoibeba limesahauliwa.

Injini hiyo, katika toleo lake la miaka ya mwanzo ya 1990, hutoa nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutonimita 304, ilhali 4A-GE hutoa nyutonimita 162 hivi. Anayeipandikiza katika Levin analeta mzigo unaokaribia maradufu juu ya giaboksi, klachi na shafti zisizoutarajia. Yambidi atafute giaboksi nyingine, achomelee mauntini mpya, aunganishe nyaya na kompyuta ya injini, apanue radieta, kisha abadilishe breki. Pesa aghalabu huisha kabla ya kufika kwenye breki. Matokeo yake ni gari lenye uwezo wa kukimbia lisilo na uwezo wa kusimama, nalo hupita barabara ile ile wanayovuka watoto wa shule na mbuzi wa jirani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wakulima wa Makueni wana hekima inayotufaa hapa. Anayetaka embe aina ya Apple au Kent haanzi kwa kutamani tunda. Huotesha kwanza mche wa embe la kienyeji uliozoea ukame, na shina likikomaa ndipo hufunga kikonyo cha embe bora juu yake. Shina dhaifu haliokolewi na kikonyo kizuri. Kitenzi "kupandikiza" kina faida hiyo ambayo "kubadilisha" hakina: kinamkumbusha msemaji kwamba kuna mwili unaopokea.

Isitoshe, mazingira nayo ni sehemu ya shina. Ukambani kuna joto na vumbi, hivyo kichujio cha hewa na mfumo wa kupoza injini si mambo ya pembeni. Visima vingi vya Kitui hutoa maji ya chumvi. Anayeyamimina kwenye radieta badala ya kipozeo maalumu anajitafutia kutu na magamba yatakayoziba njia za maji. Spea adimu hufuatwa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, na kila safari ni nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Kuna watakaosema kwamba gari la spoti lisilo na nguvu ni mapambo tu. Hoja yao ina uzito. Tena wana hoja ya kisayansi: mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake katika mwinuko kama huo, wakati tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Sipingi kupandikiza. Ninachopinga ni kupandikiza nusu. Mwenye uwezo wa kununua nusu nzima ya mbele ya gari, pamoja na giaboksi, kompyuta na nyaya zisizokatwa, kisha akabakiwa na pesa za breki, na aendelee. Asiye na uwezo huo atafurahia zaidi 7A-FE inayowaka kila asubuhi kuliko 3S-GTE iliyolala juu ya mawe.

Vyovyote atakavyochagua, mnunuzi adai mgandamizo wa silinda zote upimwe kabla ya kulipa, na namba ya injini iwe na hati halali. Injini ikishabadilishwa, mabadiliko hayo yasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), na kampuni ya bima iarifiwe. Mapatano na fundi yaandikwe: ni kazi ipi kati ya zile tatu, nani atanunua nini, na breki zitashughulikiwa lini.

Hapa ndipo sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunapohusika. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mteja na fundi wanaoelewana vizuri kwa Kiswahili na Kikamba bado hukabidhiana karatasi za Kiingereza, ikiwa zipo kabisa. Mafundi wetu wa jua kali wamekwisha kutupa mauntini, giaboksi, klachi na plagi. Kazi yetu si kuyadharau maneno hayo wala kuyabadilisha kwa mengine yasiyotamkika, bali kuyakusanya, kuyafafanua na kuongeza tofauti zinazokosekana. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, katika Ukambani ule ule wenye gereji hizo. Wanafunzi wa isimu waende huko na daftari, waanze na swali moja tu: fundi anaposema "nimebadilisha injini", amefanya kazi gani?