Nyumba ya aliyekimbia isingoje tuzo

Mgeni anayefika Zanzibar kwa boti hushukia bandari ya Malindi. Hatua chache kutoka bandarini unaanza Mji Mkongwe: vichochoro vyembamba, nyumba za mawe na chokaa, milango ya mbao iliyochongwa, na harufu ya samaki inayotoka pwani. Katika mtaa huo wa Malindi ndiko alikokulia Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021.

Anayekwenda kutazama alikoishi mwandishi huyo ataona kuta na madirisha. Kuta hazitamwambia kwa nini kijana wa pale aliondoka. Mapinduzi ya Januari 1964 yalileta mauaji na hofu, na watu wengi wa asili ya Kiarabu waliteswa au wakakimbia. Gurnah aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, akaenda kuishi Uingereza. Hakuweza kurudi mpaka mwaka 1984. Alimkuta baba yake bado hai, na muda mfupi baadaye mzee akafariki.

Familia za mashariki mwa Kongo hazihitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Wako waliotoka Masisi na Rutshuru ambao wazazi wao walizikwa bila wao kuwepo. Wako watoto waliozaliwa chini ya turubai, ambao kijiji chao wanakijua kwa jina tu.

Tuzo ilipotangazwa, Zanzibar na Tanzania nzima zilishangilia. Lakini palepale ukazuka mjadala: je, huyu ni Mtanzania au ni Mwingereza? Wengi walikuwa hawajasoma hata kitabu chake kimoja, ingawa alikuwa ameshatoa riwaya 10, kwa Kiingereza. Riwaya yake ya mwaka 1994 inayosimulia safari ya wafanyabiashara kutoka pwani kwenda bara ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi. Ndiyo kusema, lugha aliyolelewa nayo ilimpokea baada ya Wazungu kumpa tuzo.

Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo halipo Zanzibar peke yake. Mkimbizi huitwa mgeni huko alikofika, na huko alikotoka jina lake husahaulika. Akipata sifa, kila mtu hudai kuwa ni wake. Je, yule asiyepata tuzo yoyote ni wa nani? Mama anayeuza makaa kando ya barabara ya Goma naye ana nyumba aliyoiacha, ana mlango anaoukumbuka, ana mti wa parachichi alioupanda kwa mkono wake.

Katika riwaya yake ya mwaka 2001, By the Sea, Gurnah anaeleza habari za mzee anayefika Uingereza kuomba hifadhi. Mzee huyo amebeba kasha dogo la udi, na ofisa wa uwanja wa ndege analichukua. Ndani ya riwaya hiyohiyo kuna ugomvi mrefu juu ya nyumba: nani mwenye haki nayo, nani alinyang'anywa. Ni mambo yanayosikika kila siku mbele ya machifu wa mitaa, pale familia inaporudi na kukuta mtu mwingine amelima shamba lake.

Kwa hiyo kuna kazi ambayo haihitaji pesa za shirika lolote. Wazee wawasimulie watoto nyumba ilikuwa wapi, ilipakana na ya nani, njia ilipita upande gani, kisima kilichimbwa mwaka gani. Mtoto anayejua kuandika ayaandike kwenye daftari, na majirani waliokimbia pamoja wathibitishe. Siku ya kurudi, maneno hayo yatasaidia hata kwenye baraza. Na siku ya kurudi ikichelewa, mtoto atakuwa na mahali pa kusema "kwetu."

Redio za mitaa nazo zitoe nafasi kwa masimulizi hayo kama zinavyotoa kwa matangazo ya bei za sokoni. Na wenyeji wanaopokea wageni wa vita wakumbuke kwamba kila aliyelala kwenye veranda yao alikuwa naye na veranda yake.

Gurnah alianza kuandika akiwa ugenini, kijana wa miaka 21, kwa sababu ya upweke na kukumbuka kwao. Hakungoja aitwe mwandishi. Nyumba ya Malindi inajulikana leo kwa kuwa mtu aliyeiacha hakuacha kuisimulia. Zile za Masisi na Rutshuru nazo zina wenyewe, na wenyewe wako hai. Waulizwe sasa.