Mgeni wa siku moja humwachia nani fedha?

Mgeni anayefika asubuhi na kuondoka jioni hana faida kwa mwenye hoteli. Fedha yake ni ya chakula cha mchana, maegesho ya gari na kitu atakachobeba kwenda nacho. Kusini mwa Ufaransa, ambako watu wanaopanga nyumba za mashambani wakati wa likizo hushuka kwenda kuzuru miji ya wavuvi ya Mediterania, fedha hiyo haimfikii kila mzalishaji.

Tuanze na Collioure, karibu na mpaka wa Hispania. Mji huu una sifa ya anchovi, samaki wadogo walio ndugu wa dagaa wetu wa baharini. Hulazwa kwenye chumvi kwa miezi kadhaa, kisha huondolewa miiba kwa mkono. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulililinda jina hilo, kwa hiyo asiyesindika katika eneo hilo haruhusiwi kulitumia. Wasindikaji wa asili waliobaki ni wawili, Roque na Desclaux, na wageni huondoka na chupa zao. Ila kanuni hailazimishi samaki avuliwe hapo. Anaweza kutoka Atlantiki. Zile mashua za rangi zilizopo ufukweni, nyingi ni za kupigwa picha. Jina limemwokoa msindikaji, siyo mvuvi.

Bouzigues, mji mdogo si mbali na Montpellier, ni habari nyingine. Huko, katika ziwa la maji chumvi la Thau, chaza hufugwa. Kwa kuwa Mediterania haina kupwa na kujaa kwa maana, wafugaji huwabandika chaza kwenye kamba kwa saruji, mmoja mmoja, na kuwaning'iniza majini. Wengi wamefungua meza zao wenyewe kando ya maji: chaza, limau, na glasi ya mvinyo wa Picpoul de Pinet kutoka mizabibu ya jirani. Hapo hakuna dalali wala gharama ya kusafirisha, na bei ya mlaji inaingia mfukoni mwa mfugaji.

Tatizo ni maji. Mvua kubwa ikizidi uwezo wa mifereji ya majitaka, virusi vya kuhara huingia ziwani na serikali husimamisha mauzo. Mara nyingi huwa majira ya baridi, wakati Wafaransa wanatafuta chaza kwa ajili ya sikukuu. Mfugaji hakuchafua maji, lakini hasara ni yake.

Kodi ya wageni nchini Ufaransa hutozwa kwa kila usiku anaolala mtu. Mgeni wa siku moja hailipi, ingawa choo anatumia kama wengine. Kwa maoni yangu, halmashauri za miji hiyo zingeanza na ushuru wa maegesho: sehemu yake itengwe kwa ajili ya majitaka, kabla ya kujenga barabara nyingine ya matembezi ufukweni.